Viberiti vya Maneno

Mjukuu wangu Neema ana mchezo kwenye simu. Anapewa visanduku vitano vitupu, anaambiwa atafute neno la Kiingereza la herufi tano, lenye r ndani, lisilo na s. Hukaa nao mpaka chai inapoa. Juzi alikwama, akaninyooshea simu kwa utani tu: "Bibi, hebu nisaidie." Nikamtajia maneno matatu papo hapo. Akanitazama kama nimeota pembe. "Bibi, umejifunzia wapi haya?" Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Mwanangu we, wewe unacheza. Mimi ilikuwa kazi yangu, na kuna wiki moja niliifanya roho mkononi.

Basi sogeeni, na ninyi wengine mnaojifanya hamsikii. Nitawaambia mara moja tu, sauti yenyewe siku hizi ya kuazima.

Nilikuwa mpanga herufi. Enzi za Mwingereza, hapa Njombe, misheni ilikuwa na chumba kimoja cha kuchapia, paa la bati, sakafu ya mbao, na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Ninyi mkitaka herufi k mnabonyeza, inakuja. Mkitaka elfu, zinakuja elfu. Kwetu herufi ilikuwa kitu cha kushika, kijiti chembamba cha madini ya risasi chenye k kichwani, imegeuka kinyume ili ikikandamizwa kwenye karatasi itoke sawa. Ziliishi katika kasha lenye vyumba vidogo vidogo, kila herufi na chumba chake. Ukimaliza kuchapa, unazitawanya tena kila moja nyumbani kwake. Na chumba kikiwa kitupu, ni kitupu. Huwezi kuipigia kelele k itokee.

Taabu yenyewe ilikuwa hivi. Makasha yale yalipimwa huko Ulaya kwa ajili ya Kiingereza. Waingereza wanatumia sana e, wakatuletea e tele. Sisi je? Hebu andikeni "kwa kuwa wakati wake ukawadia" mwone mmekula k ngapi na w ngapi. Tukipanga nyimbo za kanisani kurasa nane tu, vyumba vya k na w vinabaki na vumbi. Ikija kazi ya Kiingereza wakati huohuo, inabidi Kiingereza kijibane.

Aliyenifundisha kukibana alikuwa mzee ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Mzee Yakobo Kawogo, mtu wa Mdandu. Mrefu, mkimya, aproni imekakamaa kwa wino. Alikuwa amepanga herufi tangu kijana, na Kiingereza alikipanga vizuri kuliko wenyewe, kwa sababu hakukisoma. Aliangalia herufi moja moja zilivyofuatana, basi. Alisema anayesoma hukimbilia maana, akaruka herufi.

Sasa huyu mzee alikuwa na viberiti. Karatasi za majaribio zilizoharibika hakuzitupa. Alikata maneno ya Kiingereza kwa wembe, akayatia kwenye viberiti vitupu kwa urefu wake. Maneno ya herufi tatu kiberiti chake, ya nne chake, ya tano vitatu maana yalikuwa mengi. Ubavuni alichonga mikato ya kuhesabu kwa kidole. Neno likikosa herufi, alitafuta lingine la urefu uleule, lenye herufi tulizonazo. Urefu uleule, kwa sababu ukiongeza herufi mbili mstari unafura, unasukuma wa chini yake, na ukurasa mzima unaupanga upya. Herufi nne kwa nne, tano kwa tano. W ni pana kidogo, ukiitoa unajazia na kipande chembamba cha nafasi. Ujanja wote ni huo.

Ujanja huo una kasoro moja tu, nayo mnaijua.

Kabla sijaajiriwa, misheni iliandaa chai ya Wazungu, wakachapiwa tangazo kwa Kiingereza. Chai na keki, cakes. K zimekwisha. Mzee Yakobo akafungua kiberiti cha herufi tano, akapata neno linalofanana, canes, aliwahi kulipanga kwenye kanuni za shule. Karibuni, likasema tangazo, kwa chai na viboko. Jamani! Mkuu wa wilaya alikuja ameshika makalio, anauliza atachapwa wa kwanza au wa mwisho. Meneja wetu, mchungaji Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, ndipo akasema huyu mzee apewe mtu anayejua maana. Nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana, nimefiwa na baba, nyumbani wananitafutia mume. Nikaletwa. Kwa hiyo ajira yangu mimi Rebeka Kiswaga niliipata kwa sababu ya viboko.

Siku ya kwanza niliingia na viatu vya kuazima. "Kamwene," nikasalimu. "Kamwene, mwanangu," akaitikia, kisha akanishika vidole akavikagua kimoja kimoja. "Virefu. Lakini vya baridi. Kaa na jiko kwanza."

Hilo nawaachia: mkono wa baridi haupangi herufi. Njombe ya Juni mnaijua. Kila asubuhi tulianza kwa kuota moto. Na usile kabla ya kunawa mara mbili, risasi ni sumu. Na usiitazame herufi unayoiokota, tazama unakokwenda, mkono unajua nyumba zao. Mimi yote hayo niliyasikia, na wiki ya tatu nikapiga chafya huku nimebeba ukurasa mzima wa wimbo. Ulianguka sakafuni ukasambaa mpaka chini ya mashine. Nililia kwa kwikwi. Mzee Yakobo akapiga magoti kwa shida akaanza kuokota.

"Nyamaza. Machozi hayapangi herufi. Niletee ungo."

Tuliokota siku mbili. Hakumwambia Bwana Miwani. Alipoulizwa kwa nini nyimbo zimechelewa, alijibu, "Ni baridi, Bwana." Tangu siku hiyo nilimwita baba, na hakunikataza.

Tulifanya kazi hivyo miaka. Mimi nikisema, "Baba, nipe nne, isiwe na k," yeye alifungua kiberiti, ananisomea herufi moja moja, mimi nasema maana, tunabishana. Yeye hupenda neno kwa umbo. "Hili lina o mbili, zinapendeza." Namwambia, "Baba, hilo maana yake mpumbavu." "Ah. Basi rudisha."

Macho yake yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanzo alificha, na mimi nikaficha pamoja naye. Viberiti alivitambua kwa mikato, lakini vipande vya karatasi havikusomeka tena, akawa anavitoa kichwani. Maneno yote aliyowahi kupanga yamo, herufi kwa herufi, bila maana hata moja. Ila siku moja Bwana Miwani alimkuta ananusa wino ajue kama ni mweusi au mwekundu. Si mtu mbaya, Bwana Miwani. Alimwita nje wakazungumza. Mzee aliporudi alisema, "Mwisho wa mwezi nakwenda Mdandu. Mama Eliza atakuja kunichukua." Akaendelea na kazi.

Mama Eliza ndiye mkewe. Alikuwa akija kutoka kijijini na viazi na togwa, na mdomo wake hauna breki. Mara moja alikaa mlangoni, akanimegea kiazi, akasema mumewe akisikia: "Watu wa Mdandu wananiuliza mume wangu anafanya nini misheni. Nawaambia anafanya vitabu. Wananiambia basi tuonyeshe jina lake, kila kitabu kina jina la mwenyewe. Sijui kusoma mimi, lakini mwanangu amenitazamia vyote. Hamna. Wanadhani ananiongopea, ni mpishi wa Wazungu." Akacheka. Mzee Yakobo alicheka pia, lakini alichelewa kidogo, na mimi nilikiona kile kicheko kilichochelewa. Kilinichoma. Alikuwa amepanga majina ya maaskofu, ya maharusi, ya marehemu, ya watu waliotoa ng'ombe kwa ujenzi. Lake, hapana.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitabu chembamba cha Kiingereza alichoandika Bwana Miwani, habari za misheni ya Njombe, kipelekwe kwa marafiki wa Ulaya. Nikajipa moyo nikamfuata ofisini. "Bwana, ukurasa wa mwisho una nafasi ya mstari mmoja chini. Tuweke kwamba kimepangwa kwa mkono na Yakobo Kawogo." Akavua miwani, akaifuta. "Na wewe?" akauliza. "Mmefanya wote. Weka wote wawili, au usiweke." Moyo wangu uliruka, msinione mnafiki. Jina langu kitabuni! "Lakini," akasema, "siongezi ukurasa, na kitabu kinaondoka na lori Jumamosi."

Nikarudi mbio, nikafungua kasha. Chumba cha k kitupu. Cha w kitupu. K kubwa, hakuna. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimefungwa kwenye fremu zake kinangojea karatasi, kimekalia zote, na huwezi kuchomoa herufi kwenye wimbo ukamwachia Mungu pengo. Na ukurasa wenyewe wa mwisho wa Bwana Miwani ulikuwa umekula k na w zilizosalia, na bado unadai nyingine. Sasa tazameni majina yetu. Yakobo Kawogo. Rebeka Kiswaga. Kila mmoja k moja, K kubwa moja, w moja. Kama tumelogwa.

Tulikuwa tumeagiza herufi tangu masika, na Jumanne ilikuja habari kwamba mzigo wa misheni umefika Makambako, uko kwenye duka la Mhindi mmoja aliyetutunzia vifurushi. Nilipanda lori la magome ya miti ya miwati, nikakaa juu, upepo wa Makambako ukanitoa machozi njia nzima. Mwenye duka akanipa boksi zito. Nilishindwa kungoja, nikalifungua palepale kwenye kaunta. Zilikuwa k na w kweli, nyingi, zinang'aa, na kila moja kubwa kama kidole gumba, za kuandikia matangazo ya mnada. Walikosea saizi. Mwenye duka aliniuliza, "Nani amekufa, mama?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, nipe maji.

Mzee Yakobo alipoishika k ile mkononi, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Hii ukiiweka kwenye jina langu, Mdandu wataisoma wakiwa nyumbani." Kisha akaniambia niache. "Mwanangu, kuna watu wamezikwa bila jina na wako mbinguni. Maliza ukurasa wa Bwana."

"Siachi ng'o," nikasema. "Lete viberiti."

Jumatano na Alhamisi tulikaa na ule ukurasa. Nilitia alama kila neno la Bwana Miwani lenye k au w. Yale madogo, kama was na with, hatukuyagusa, hayo ni mifupa ya Kiingereza, ukiyatoa sentensi inaanguka. Tuliwinda makubwa. Walked, waliotembea, herufi sita, lina zote mbili. Mzee akafumba macho, akakaa. "P, a, s, s, e, d," akasema. "Lilikuwa kwenye cheti cha shule." Maana yake walipita. Walipita milimani. Linafaa! Matofali ya brick, nikayageuza kuwa mawe, stone, tano kwa tano, na kusema kweli ukuta wa kanisa chini ni wa mawe. Mungu aliyeitwa King, Mfalme, nikamwita Lord, Bwana, nne kwa nne, K kubwa ikapona. Shukrani, thanks, sita: yeye akatoa neno la sifa, praise, kutoka wimbo wa Krismasi wa Wazungu alioupanga kabla mimi sijazaliwa.

Mengine yalikataa. Alinipa neno zuri la herufi tano mahali pa weeks, likawa lina maana ya funza. Tulicheka mpaka Bwana Miwani akachungulia dirishani.

Nikambebea orodha. Alisoma amekunja uso, maana Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake naye, kila neno alikuwa amelitafuta kwa jasho. "Rebeka, kitabu hiki ameandika nani?" Nikamsogezea karatasi. Akapitisha moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye work. Kazi. Alikuwa ameandika kuwashukuru wote kwa kazi yao. Hapo sikuwa na badala. "Hili liache," akasema. "Neno gani lingine litasema kazi?"

Nikarudi kwa mzee. "Baba, nne. Isiwe na w, isiwe na k. Na i tunazo tele, l tunazo tele."

Aliinamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Kidole chake kilikuwa kinacheza hewani, kinaokota. "T," akasema. "O. I. L. Nilipanga mara moja tu. Sijui ni nini."

Nikaliandika kwanza. "Ni kazi, baba. Lakini ile ya jasho, ya kuchosha mwili."

"Basi si ndiyo hiyo tuliyofanya?" akasema. "Mpelekee."

Bwana Miwani alilisoma, akavaa miwani, akalisoma tena. "Ni bora kuliko langu," akasema. Alinipa karatasi bila kuniangalia.

Ijumaa nikapanga mstari wetu. Kwa desturi yetu, herufi ikikosekana unaweka kipande cha nafasi mahali pake, kishike kiti mpaka mwenyewe aje. Nikapanga majina yote mawili, lake kwanza, langu baadaye, katikati neno and, yaani "na" ya Kiingereza, na vipande vyake vya kushika viti. Kisha nikajaza mapengo ya ukurasa wa Bwana kwa herufi tulizookoa, nikahesabu zilizobaki. Nikahesabu tena. K kubwa moja. K ndogo moja. W moja.

Jamani, nisiwadanganye kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nyumbani wakisema nimepotea misheni, na mstari ule ungewaziba midomo. Nilizishika zile herufi tatu kiganjani, nikazipasha joto. Nilimkumbuka Mama Eliza na kiazi chake mlangoni. Nikaziweka kwenye jina la Yakobo Kawogo, zikakaa sawasawa. Kisha nikalichomoa langu pamoja na ile and, herufi moja natoa, kipande kimoja cha nafasi naweka, ili mstari usilegee. Bwana Miwani aliuliza mbona jina ni moja tu. Nikamwambia, "Herufi zimekwisha, Bwana, na nakuomba usimwambie mzee." Alinitazama, akaenda zake. Usiku ule nililia kidogo, na asubuhi nikaamka mwepesi.

Jumamosi, kabla mashine haijakanyagwa, Mama Eliza alifika na kitenge cha kubebea vitu vya mumewe. Nikamwita. "Mama, leo jina la baba lipo." Akapiga kigelegele, kikagonga bati, nikamvuta mkono anyamaze. Nikamwelekeza mzee kwenye fremu, ukurasa wa mwisho umefungwa juu ya meza ya jiwe. Karatasini asingeona kitu. Lakini kwenye risasi hakuhitaji macho. Herufi zimegeuka kinyume, kwa hiyo mkono husoma kutoka kulia. Akaufuta ule mstari kwa kitambaa, akaweka kidole.

"Y," akasema polepole. "A. K. O. B. O." Akasimama hapo. Mama Eliza alinong'ona, "Ni wewe?" "Ni mimi." Akaendelea, K, a, w, o, g, o, mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akausoma tena wote, machozi yanamtiririka ndevuni bila aibu. Na mimi nililia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kazi yoyote.

Nikadhani amemaliza. Lakini kidole hakikutoka. Kiliendelea kwenda kushoto, kwenye vipande vitupu, kinagusa kimoja kimoja. Nilimshika bega. "Baba, hapo ni nafasi tu za kumalizia mstari."

"Nyamaza, mwanangu." Alikuwa anahesabu kwa midomo. "Tatu," akasema. Akaruka kidogo. "Sita." Akaruka tena. "Saba."

Nje lori lilikuwa linapiga honi. Mzee Yakobo aligeuza uso upande niliposimama, kisha akautafuta mkono wa mkewe, akaufungua kidole kimoja, akakiweka juu ya jina lake.

"Huyu ni mimi," akamwambia. Akakisogeza kile kidole taratibu mpaka kwenye vile vipande vitupu. "Na huyu hapa ni Rebeka."